Risala ya Kikundi cha Watafiti wa Hospitali kwa Mgeni Rasmi katika Siku ya Utafiti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mganga Mfawidhi wa Hospitali,
Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi ya Ushauri,
Wakuu wa Idara na Viongozi wa Wauguzi,
Wageni Waalikwa, Mabibi na Mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha katika viwanja hivi kwa ajili ya Siku ya Utafiti ya hospitali yetu. Pili, kwa heshima na taadhima, tunakushukuru wewe binafsi kwa kuupokea mwaliko wetu pamoja na wingi wa majukumu uliyonayo, na kwa kufika kwa wakati, jambo ambalo wanakikundi wamelipokea kwa furaha kwa kuwa si kila mwaka tumebahatika kulipata. Karibu sana, na ujione uko kwenu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi hiki kilianza na watu watano: daktari wa magonjwa ya ndani, daktari wa upasuaji, wauguzi wawili wa wodi ya wazazi na karani mmoja wa masjala, waliokuwa wakikutana kila Jumatano baada ya saa za kazi kujadili vifo vya wiki ile. Leo tuna wanachama 34 kutoka idara saba, yaani magonjwa ya ndani, upasuaji, uzazi, watoto, mifupa, macho na dharura. Historia hiyo ina mengi ya kusimulia, lakini kwa kuchunga muda wako tunaipita.

Katika kipindi hiki kifupi kikundi kimepata mafanikio makubwa. Tumebuni fomu ya ukurasa mmoja ya kumfuatilia mgonjwa tangu anapopokelewa hadi siku ya 30, na fomu hiyo sasa inatumika katika idara tano kati ya saba. Tunathubutu kusema kuwa ni miongoni mwa kazi bora zilizowahi kufanywa na watumishi wa hospitali hii kwa mikono yao wenyewe. Kikao cha Jumatano hakijavunjika isipokuwa siku za sikukuu. Wanachama wetu wawili waliwasilisha kazi yao kwa bango katika kongamano la kitaaluma jijini Dar es Salaam, nao walirejea na vyeti ambavyo vimetundikwa ofisini kwa Muuguzi Mkuu. Aidha, tumewafundisha madaktari walio katika mafunzo kwa vitendo namna ya kuandika sababu ya kifo kwa usahihi, badala ya kuandika kwamba moyo ulisimama, maneno ambayo ni kweli kwa kila marehemu na hayamsaidii mgonjwa anayelazwa kesho kwenye kitanda kile kile.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaposema utafiti wa matokeo ya tiba hatuzungumzii maabara kubwa wala dawa mpya. Tunazungumzia swali moja ambalo ndugu wa mgonjwa huliuliza mlangoni na ambalo hospitali nyingi hazina jibu lake: watu wanaotibiwa hapa huishia wapi? Wangapi hupona, wangapi hubaki na ulemavu, wangapi hurudi wodini kabla mwezi haujaisha, wangapi hufariki, na kwa nini idara moja inafanikiwa mahali ambapo nyingine inakwama kwa wagonjwa wenye hali inayofanana.

Swali hili limekwisha kuokoa maisha ya watu wengi. Mwaka 1847, katika Hospitali Kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis alilinganisha vifo vya wazazi katika wodi mbili za kujifungulia, moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga, akaona kuwa wanawake walikufa kwa wingi zaidi kwa madaktari, ambao walitoka chumba cha kupasulia maiti na kuingia wodini bila kutakasa mikono. Alipowaamuru madaktari hao kunawa mikono kwa dawa ya klorini, vifo vilishuka kutoka takriban 18 katika kila wazazi mia mwezi wa Aprili hadi vichache vinavyohesabika kwa vidole mwezi wa Juni. Hakuwa na hadubini iliyomwonyesha vijidudu. Alikuwa na madaftari ya wodi mbili yaliyoandikwa kwa uaminifu na kutunzwa mahali yalipoweza kupatikana.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Hapa kwetu Tanzania, hospitali ya Ifakara ilikuwa moja ya hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa kwa hospitali zote nane kwa pamoja vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8. Mwaka 2010 utafiti uliohusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kuwa waliopewa kwinini walifariki kwa asilimia 10.9 na waliopewa atesunati kwa asilimia 8.5, ndiyo sababu leo hakuna daktari wa watoto katika hospitali hii anayeanza na kwinini pale atesunati inapopatikana.

Mwaka uliofuata ukaja utafiti ambao kwa maoni yetu kila kiongozi wa afya anapaswa kuufahamu. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kudhoofika walifuatiliwa katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, Muheza ikiwa mojawapo. Kila mmoja wetu aliyesomea udaktari au uuguzi alifundishwa kuwa mtoto wa namna hiyo aongezewe maji mengi kwa haraka kupitia mshipa. Watafiti walihesabu hadi saa ya 48, wakakuta kuwa kati ya waliopewa maji ya haraka walifariki zaidi ya 10 katika kila mia, na kati ya wale ambao hawakupewa walifariki asilimia 7.3. Jambo tulilolifanya kwa nia njema kwa miaka mingi, tukiamini tunaokoa, lilikuwa linadhuru baadhi ya watoto, na hakuna macho ya daktari yeyote, hata awe bingwa wa namna gani, ambayo yangeliona hilo kando ya kitanda. Lilionekana kwa kuhesabu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumeeleza hayo ili ulipime kwa uzito wake tatizo tunalolileta mbele yako, kwa sababu hospitali hii haina uwezo wa kuhesabu.

Tukupe mfano mmoja. Mzee mmoja mwenye kisukari alilazwa wodi ya magonjwa ya ndani akiwa na kidonda mguuni. Sukari iliposhuka alihamishiwa upasuaji, na daftari la magonjwa ya ndani likaandika kuwa amehamishwa akiwa na hali nzuri. Upasuaji walimkata mguu chini ya goti, kidonda kikafunga, wakaandika kuwa ameruhusiwa. Kliniki ya macho ilikuwa imempangia tarehe kwa kuwa kisukari kilikuwa kimeanza kula uoni wake. Hakutokea, wakaandika kuwa hakuhudhuria. Idara tatu, madaftari matatu, na katika yote matatu mzee yule ni mgonjwa aliyehudumiwa vizuri au aliyekosa nidhamu ya kuhudhuria kliniki. Ukweli ni kwamba alifariki nyumbani wiki ya tatu baada ya kutoka hospitalini, na sisi tulilijua hilo kwa sababu tu mpwa wake ni jirani wa muuguzi mmoja mwanakikundi. Kifo chake hakimo katika daftari lolote la hospitali hii. Hatujui ni wangapi wengine kama yeye, na hilo ndilo linalotunyima usingizi.

Utafiti mkubwa wa matokeo ya upasuaji barani Afrika, uliochapishwa mwaka 2018 na kuhusisha wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25, ulikuta kuwa wagonjwa wetu huingia chumba cha upasuaji wakiwa vijana zaidi na wenye hali nafuu kuliko wastani wa dunia, lakini hufariki mara mbili zaidi. Kati ya vifo 239 vilivyorekodiwa, 225 vilitokea baada ya siku ya upasuaji kupita. Maana yake ni kwamba kisu kilifanya kazi yake, mgonjwa akafa wodini, katika siku ambazo muuguzi mmoja anaangalia wagonjwa wengi na hakuna aliyegundua mapema kuwa mapigo yamepanda au mkojo umepungua. Nchi inayotaka kupunguza vifo hivyo inahitaji kuzijua siku hizo, na siku hizo zimeandikwa katika faili la mgonjwa. Kwetu sisi, faili hilo mara nyingi halipatikani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa ndipo tunapofika kwenye ombi letu, nalo ni moja: tunaomba jengo la masjala ya kumbukumbu za wagonjwa likamilishwe.

Masjala inayotumika sasa ni stoo ya zamani iliyo nyuma ya jiko, yenye dirisha moja na paa linalovuja pande mbili. Rafu zilijaa zamani, kwa hiyo mafaili yamepangwa sakafuni ndani ya magunia na maboksi ya dawa. Katika mvua za masika zilizopita maji yaliingia usiku, na asubuhi karani wetu alikuta mafaili ya wodi ya wazazi yamelowa na wino umechuruzika. Alitumia siku nne kuyaanika juani kwenye ua wa kufulia, ukurasa kwa ukurasa, akiyawekea mawe ili upepo usiyachukue. Tunamtaja kwa heshima ingawa hatutamtaja kwa jina, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda. Mengi ya mafaili yale hayakusomeka tena. Mwanachama wetu mmoja alikuwa ameanza kufuatilia wanawake waliojifungua kwa upasuaji na kurudi na vidonda vilivyofumuka. Alipokwenda kutafuta mafaili aliyoyaorodhesha, yaliyopatikana yakiwa kamili hayakufika nusu, na kazi ile ikaishia hapo. Wanawake wale walitoa ridhaa yao, walijibu maswali yetu wakiwa bado na maumivu, na sisi hatuna cha kuwarudishia.

Lipo pia suala la siri. Katika mafaili hayo mna majibu ya vipimo vya virusi vya UKIMWI, mna habari za mimba zilizoharibika, mna maelezo ya waliojaribu kujidhuru. Yamewekwa katika chumba ambacho kitasa chake kimeharibika na mlango unafungwa kwa waya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azilinde, na hakuna namna ya kueleza kuwa waya ni ulinzi.

Tunafahamu, Mheshimiwa, kuwa huenda ukashauriwa kwamba mfumo wa kompyuta utamaliza tatizo hili na kwamba jengo ni mambo ya kizamani. Tunaupenda mfumo wa kompyuta na tunautumia. Lakini umeme unapokatika au mtandao unapokuwa chini tunarudi kwenye karatasi, na karatasi za saa hizo mara nyingi ndizo za wagonjwa wa dharura, yaani wale walio karibu zaidi na kifo. Mfumo unajua mgonjwa alipolipa na alipochukua dawa. Haujui kilichompata baada ya kufika kwake kijijini. Na hata kompyuta zinahitaji chumba kikavu chenye mlango unaofungika. Kompyuta mbili tulizoletewa na wahisani zimekaa kwenye maboksi yake kwa sababu karani anaogopa, kwa haki kabisa, kuziweka chini ya paa lile.

Wakuu wa idara waliopo hapa watuwie radhi kwa kuligusa jambo jingine. Wapo waliohofia kuwa kulinganisha matokeo ya idara ni kutafuta wa kulaumiwa. Hofu hiyo tunaiheshimu, na jibu letu ni lile lile: kumbukumbu kamili ndiyo kinga yao. Idara ya dharura itakuwa na vifo vingi kuliko idara ya macho siku zote, kwa sababu inapokea waliokwisha kuchelewa, waliogongwa na bodaboda, waliobebwa kwa saa nyingi kutoka zahanati isiyo na damu. Ukihesabu vifo bila kuhesabu umri, uzito wa ugonjwa na saa zilizopotea njiani, unamwonea anayefanya kazi ngumu zaidi. Vyote hivyo vimo katika faili, na faili linapopotea kinachobaki ni idadi ya vifo peke yake, ambayo ni shahidi asiye mkamilifu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba uturuhusu tuseme ukweli kuhusu ombi hili, kwamba wewe si wa kwanza kulisikia. Miaka minne iliyopita mgeni rasmi wa siku kama ya leo alilipokea kwa moyo mkunjufu na kuahidi kulifikisha mahali panapohusika. Tulipiga makofi na tukaandika barua tatu za kukumbushia. Mwaka uliofuata mgeni mwingine alikwenda mbele zaidi, akaweka jiwe la msingi, na kwa hilo tunamshukuru kwa dhati kwa sababu alitupa matumaini. Msingi ulichimbwa, ukamwagwa zege, kuta zikainuliwa hadi usawa wa madirisha, na hapo ujenzi ukasimama. Mgeni wa mwaka wa tatu alipoonyeshwa kuta hizo alisema zitaezekwa kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Mwaka huo wa fedha umekwisha, na mwingine pia. Mvua zimeanza kula matofali ya juu, na mahali palipokusudiwa kuwa chumba cha kusomea mafaili panaota mpapai. Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu. Tunajua fedha ni chache na mahitaji ya mkoa ni mengi, tunajua pia kuwa viongozi huhamishwa kabla hawajatimiza walilolikusudia. Lakini wanakikundi wamefikia mahali ambapo wengine walipendekeza mwaka huu tusisome risala kabisa, na ilibidi kamati ikae vikao viwili kuwashawishi. Tuliwaambia kuwa mgeni wa mwaka huu asihukumiwe kwa ahadi za wengine. Tunaomba usitufanye tuonekane tuliwadanganya.

Kilichobaki kinajulikana na kinahesabika. Kuta zimalizwe, jengo liezekwe kwa mabati, vyumba vitatu viwekewe milango ya chuma na madirisha yenye nondo. Ziwekwe rafu za chuma, kwa kuwa za mbao mchwa wamekwisha kutufundisha adabu. Uwekwe umeme pamoja na betri ya akiba ya kuziwezesha kompyuta nne kufanya kazi umeme unapokatika. Waajiriwe makarani wawili wenye mafunzo ya kumbukumbu za afya, na itolewe simu moja yenye fungu la muda wa maongezi kila mwezi, ili kila mgonjwa aliyeruhusiwa apigiwe wiki ya pili na tena siku ya 30, na kuulizwa anaendeleaje. Kwa mzee yule wa kisukari, simu moja wiki ya pili pengine ingetosha kumrudisha wodini akiwa hai. Makisio ya gharama yaliyoandaliwa na mhandisi yameambatishwa nyuma ya risala hii, pamoja na nakala za barua zetu tatu. Wanachama nao hawakukaa mikono mitupu: kila mmoja amechangia kutoka katika mshahara wake, na fedha hizo zimenunua mifuko ya saruji ambayo imehifadhiwa stoo ya dawa kwa idhini ya Mfamasia, ingawa saruji haisubiri muda mrefu.

Tungependa pia ufahamu kuwa tulikuwa na mahitaji mengine, ya usafiri, ya mafunzo na ya ada za kuchapisha kazi zetu katika majarida. Kamati imeyaondoa yote katika risala hii kwa makusudi. Tumejifunza kuwa risala yenye maombi kumi humpa mgeni nafasi ya kutekeleza lile jepesi, nasi hatutaki mipira wala fulana, tunataka paa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kazi yetu ni kufuatilia, kwa hiyo tumefungua daftari ambamo kila ahadi inayotolewa katika siku hii inaandikwa pamoja na jina la aliyeitoa, tarehe aliyoisema na kilichotokea baadaye. Ukurasa wako bado ni mweupe. Kabla ya chakula tunaomba utembee nasi hadi zilipo kuta hizo, ni hatua chache nyuma ya wodi ya mifupa, uzione kwa macho yako, uingie pia stoo ya sasa na karani akuonyeshe mafaili yaliyolowa, kisha kwa mkono wako mwenyewe uandike katika daftari hilo tarehe ambayo fundi atapanda juu kuezeka. Iwapo hutaweza kuiandika leo, tunaomba uandike jina la mtu ambaye tumfuate Jumatatu asubuhi.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama wote.